Gari imezima katikati ya rafu rodi, ile njia mbovu isiyo na lami, mnaanza kutafuta tatizo wapi?

Mnatoka washkaji na gari nne tano, asubuhi kila mtu ana mzuka, mchana mmoja kasimama boneti juu na watu wamemzunguka kila mmoja na jibu lake, huyu anasema pampu, yule anasema betri, mwingine ameshashika spana anafungua kitu ambacho hakikuwa na shida kabisa. Hapo ndo muda unapotea na saa nyingine ndo gari inaharibika kuliko ilivyokuwa.

Mimi kwenye msafara huwa nasisitiza kitu kimoja, kabla hujauliza gari ina nini uliza njia imeifanya nini dakika kumi zilizopita. Rafu rodi inaifanyia gari mambo machache tu, inaitikisa, inaijaza vumbi na tope, inaichemsha, inailowesha na inaigonga chini. Ukijua lipi limetangulia umeshajua uanze wapi. Imezima dakika mbili baada ya kutoka mtoni, anza na maji. Imezima baada ya masaa ya kutetemeka kwenye mashimo, anza na terminali na waya zilizolegea. Imeanza kulia baada ya jiwe kugonga chini, basi lala chini uangalie, achana na boneti kwanza.

Na dereva ndo shahidi, mwacheni aongee yeye bila kumlisha maneno. Alisikia nini, alinusa nini, taa gani iliwaka kwenye dashibodi, ilianza ghafla au taratibu? Gari iliyokata ghafla kama mtu kazima swichi mara nyingi ni umeme. Iliyokufa kwa kusitasita, inavuta inaacha, inakohoa, mara nyingi ni mafuta au hewa. Si sheria ila inakupa pa kuanzia.

Kingine kabla ya yote, hakuna mtu kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Udongo laini unameza jeki. Handbreki, mawe kwenye matairi, ubao chini ya jeki, na spea tairi ilazwe chini ya chesisi ili hata jeki ikiteleza gari isimlalie mtu.

Geji ya temperecha inapanda

Hii kwenye rafu inasumbua sana na sababu iko wazi, mnatembea mwendo wa miguu, injini inabeba kazi nzito, upepo wa kupoza rejeta haupo, kila kitu kimeachiwa feni. Ukiona mshale umepita pale unapokaa siku zote usisubiri ufike kwenye nyekundu. Zima eisii, washa hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake, najua mtaiva humo ndani lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili na inatoa joto kweli. Ukipata tambarare simama, weka nyutro, pandisha resi kidogo tu ili pampu ya maji na feni ziendelee kuzunguka bila mzigo. Ikishuka, safi. Ikiendelea kupanda au ukiona mvuke, zima hapo hapo.

Halafu mikono mbali na mfuniko wa rejeta! Mfumo ule unafanya kazi kwa presha, kwa hiyo maji mle ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na bado hayajachemka, sasa ukifungua presha inaondoka na yote yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja na uso wako uko pale juu. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka ukiubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono unabonyea na hauunguzi. Ndo uweke kitambaa kinene, ulegeze kidogo, uiache ipumue, kisha umalizie.

Wakati mnasubiri angalieni uso wa rejeta. Mara nyingi kesi inaishia hapa. Na usidanganyike na mbele pakionekana pasafi, chukua tochi uchungulie ule mwanya kati ya kondensa ya eisii na rejeta yenyewe, mkipita kwenye nyasi ndefu unakuta pale katikati pamejaa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi vimeshikamana mpaka mwanga wa tochi haupenyi. Ikishapoa osha kwa maji yasiyo na nguvu ukitokea upande wa injini kwenda nje, maana ukipiga kwa mbele unazidi kusukuma uchafu ndani, na ukimwagia maji baridi injini ya moto unaweza kupasua kitu. Hapo hapo kagua na ekzosi chini, nyasi kavu zikinasa juu ya ekzosi ya moto gari inawaka moto, sitanii.

Kisha feni. Kama ni ya umeme washa swichi na eisii usikilize, isipozunguka kagua fyuzi, rilei (kile kiswichi kidogo cha umeme kwenye boksi la fyuzi) na plagi ya waya. Kama inaendeshwa na beliti na ina klachi yake, zima injini ikiwa bado ya moto uisukume kwa mkono, inatakiwa igome, ikizunguka kirahisi tu ujue klachi ya feni imekufa. Hiyo huwezi kuitengeneza porini ila unaweza kurudi nayo mkitembea asubuhi au jioni kukiwa na ubaridi na kupumzika kila mara.

Maji yamepungua? Tafuta yametokea wapi kabla hujaongeza. Mpira uliopasuka karibu na mwisho wake unakatwa kile kipande kibovu unarudishwa na klipu yake. Uliopasuka katikati unafungwa ile tepu ya raba inayojishika yenyewe, halafu mfuniko wa rejeta uache haujakazwa mpaka mwisho ili presha isipande. Ukifanya hivyo kumbuka maji sasa yanachemka mapema, nenda taratibu.

Ukikuta mpira wa juu unaunguza na wa chini ni baridi, themostati (kile kilango kinachofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto) imegoma kufunguka au rejeta imeziba ndani. Themostati nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90, na kwenye injini nyingi za zamani unaweza kuitoa kabisa ukarudi nyumbani bila hiyo. Lakini ukiona mapovu yanatoka kwenye rejeta kila injini ikizunguka, moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu utamu, maji yanaisha na hayavuji popote, au oili imekuwa rangi ya maziwa, hapo ni gasketi ya silinda hedi. Safari ya hiyo gari imeisha, inavutwa.

Ukipiga stata haizungushi injini

Sikiliza mlio. Tik tik tik za haraka na taa zinafifia, umeme hautoshi, aidha betri imeisha au terminali imelegea. Tak moja nzito halafu kimya na taa ziko vilevile, ni stata yenyewe au solenoidi yake. Kimya kabisa, gari ya oto jaribu kuwashia kwenye N badala ya P, ya manyuo hakikisha klachi imeingia mpaka chini, kisha nenda kwenye fyuzi kubwa.

Usikimbilie kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari nyingine. Shika terminali kwa mkono uizungushe, ikisogea hata kidogo tatizo umelipata, kaza usonge mbele. Fuatilia na waya wa negativu unapofungwa kwenye injini na kwenye bodi, mtikisiko unapalegeza na watu hawapaangalii. Mwenye mita ya volti ana raha zaidi, betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu, na injini ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka alteneta haichaji, angalia beliti kwanza, halafu tope lililoingia kwenye alteneta, ndo baadaye uilaumu yenyewe.

Kubusti kuna mpangilio. Nyekundu kwenye pozitivu ya betri iliyokufa, ncha ya pili pozitivu ya betri nzima, nyeusi kwenye negativu ya betri nzima, ya mwisho kabisa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyozima, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayowaka na cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake.

Stata inazungusha vizuri ila haiwaki

Petroli: washa swichi bila kupiga stata, mtu aweke sikio karibu na tanki, unatakiwa usikie pampu inaunguruma sekunde mbili hivi halafu inakata. Kimya? Fyuzi, kisha rilei. Rilei ya honi mara nyingi inafanana na ya pampu, ukikuta namba ni zilezile badilisha ujaribu, honi mtaishi bila hiyo. Baadhi ya gari zina swichi ya usalama inayokata mafuta gari ikipigwa mshtuko, ukidondoka vibaya kwenye jiwe inaweza kuruka ikadhani mmepata ajali, inabonyezwa tu inarudi, kwa hiyo jua mapema ya kwako iko wapi. Na kama tanki liko chini ya robo na gari imelala kwenye mteremko mkali pampu inaweza kuwa inavuta hewa, ivuteni mpaka tambarare mjaribu tena kabla ya kufungua chochote.

Dizeli adui wake ni hewa na maji kwenye mafuta. Fungua kile kikorokoro chini ya filta umwage maji yaliyojikusanya, pampu kwa mkono kile kipampu cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu, ndo upige stata. Ukipampu na hakiwi kigumu kuna mahali kati ya tanki na filta panavuta hewa, tafuta mpira uliochubuka.

Imezima ndani ya maji

Hapa naomba kila mtu asome polepole kwa sababu ndo sehemu ambayo gari nzima inageuka kuwa mbovu kwa sekunde moja. Imezima mtoni, USIPIGE STATA. Najua maji yanaingia mlangoni, najua watu wanapiga kelele, usipige. Hewa inabanika, maji hayabaniki, kama yameingia kwenye silinda na wewe ukazungusha injini pistoni inapanda inakuta ukuta na koni rodi inapinda. Dizeli ndo hatari zaidi maana nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo sana.

Ivuteni itoke kwanza. Nchi kavu, fungua boksi la filta ya hewa uingize mkono. Kama filta ni kavu na ndani ya boksi ni pakavu, mshukuruni Mungu, maji hayajaingia, tatizo ni umeme uliolowa, kausha koili, waya za plagi na soketi kwa kitambaa na ile dawa ya kupuliza ya kufukuza maji, kisha jaribu. Kama filta imelowa chukulia maji yamefika ndani hata kama huyaoni. Toa plagi zote, kwenye dizeli toa zile plagi za kupashia joto au nozeli, kata umeme wa koili na wa nozeli kwa kutoa fyuzi zake, watu wakae pembeni, ndo upige stata fupi fupi. Maji yatatoka kwenye matundu kama yapo. Endelea mpaka itoke hewa tupu, kausha njia yote ya hewa, angalia stiki ya oili. Oili ikiwa rangi ya maziwa usiiwashe, mwage oili kwanza.

Na jueni gari yenu inavutia hewa wapi, kwenye gari nyingi mdomo wa hewa uko nyuma ya taa au ndani ya madigadi ya mbele, chini kuliko mtu anavyodhani. Mwenye snoko (bomba la kuvutia hewa lililopandishwa mpaka usawa wa paa) naye asijione ana boti, kiungio kimoja kilicholegea kinatosha kuvuta maji. Feni ya beliti pia ikikutana na maji mengi kwa kasi inapinda kwenda mbele na kukata rejeta, ndo maana mtu mwenye akili anaingia taratibu na kuendelea na mwendo uleule bila kusimama.

Haina nguvu, inakata pumzi mlimani

Moshi mweusi na vumbi mmekula siku nzima, filta ya hewa, igongegonge itoke vumbi, usiipige upepo mkali ikatoboka. Haina moshi ila inachoka kila ukiongeza resi, filta ya mafuta, mtikisiko unakorogea uchafu wote uliolala chini ya tanki. Gari ya tabo imepoteza nguvu ghafla na unasikia fuuu kubwa ukikanyaga, kuna mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) umechomoka, rudisha ukaze klipu. Inamisi, yaani silinda haichomi vizuri, na taa ya injini inapepesa, kama gari ina soketi ya OBD-II, ile ya kusomea makosa ya kompyuta ya gari (Marekani ilikuwa lazima kwa gari mpya kuanzia 1996) kile kisomeo kidogo cha simu kinakuokolea muda, P0301 inakwambia silinda ya 1, P0302 ya pili, unaenda moja kwa moja kwenye plagi au koili yake. P0300 inamaanisha misi inahamahama, rudi kwenye mafuta na hewa.

Injini iko poa ila gari haiendi

Kabla ya kusema giaboksi imekufa, angalia hab za mbele, vile vifungio vya katikati ya tairi vinavyoliunganisha na ekseli. Gari zenye hab za kufunga kwa mkono mtu anaweka 4H (4x4 ya mwendo wa kawaida) anasahau kushuka kuzifunga, matairi ya mbele yanabingirika tu hayavuti. Tairi moja likizunguka bure hewani na mengine yamesimama, hakuna kilichoharibika, ndo tabia ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) isiyo na loki, nguvu inakimbilia lisilo na mzigo. Funga loki kama unayo, au kanyaga breki kidogo huku unaongeza resi taratibu.

Liva ya 4x4 imegoma kutoka na stelingi imekuwa nzito, mmetoka kwenye lami au mwamba mkavu mkiwa bado kwenye 4H, shafti zimejisokota. Rudi rivasi mita chache na stelingi imenyooka, itaachia.

Harufu ya kuungua na resi zinapanda gari haisogei, klachi inateleza. Simama, iache ipoe vizuri, kisha tumia 4L (4x4 ya gia nzito za taratibu) na usiishikilie nusu nusu. Pedali ya klachi ikizama chini haina kitu angalia oili yake, ikivuja bado unaweza kurudi: zima gari, ingiza gia ya kwanza kwenye 4L, piga stata, injini itawaka gari ikianza kutembea, kama gari yako inakubali kuwaka bila klachi kukanyagwa.

Kka kka kka ukikata kona ni sivi jointi ya mbele (kiungio cha ekseli kinachokunja na tairi), fungua hab, tembea na tairi za nyuma tu. Kwenye gari zenye 4x4 ya muda wote ngoma ni kutoa propela shafti ya mbele (ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu) na kufunga loki ya difu ya katikati. Propela ya nyuma ikikatika ni kinyume chake, itoe, rudi kwa tairi za mbele. Ila ekseli ya nyuma ikikatika jua ni ya aina gani, zipo ambazo ekseli yenyewe ndo imelishika tairi, hiyo usiitembeze hata mita kumi, tairi linatoka.

Stelingi na breki

Hapa mimi siongei sana. Matairi ya mbele yanaangaliana au yameachana, tai rodi imepinda, ifungue uinyooshe juu ya mawe mawili, rudisha, tembea taratibu mpaka kwa fundi. Bol jointi imechomoka, hakuna kutembea. Breki imezama baada ya mteremko mrefu na inanuka, fluidi imechemka, simama ipoe kisha ushuke kwa 4L gia ya kwanza uache injini ishike gari. Paipu ya breki ya tairi moja imekatwa na jiwe, ibane kwa vaisi gripu juu ya palipokatwa, ongeza fluidi, kisha ujaribu breki hapo hapo mlipo kabla ya kusogea, na gari hiyo itangulie mbele ya msafara isije ikamgonga mwenzake.

Tairi na kunasa

Kunasa mara nyingi dawa yake ni upepo. Kama lami unatembea na PSI 32 hivi, shusha mpaka 20 na kitu kwenye mawe na tope, 16 au 18 kwenye mchanga, na mwendo nao ushuke. Chini ya 12 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Tundu la msumari linazibwa kwa ule uzi wa raba, ubavuni ukiziba ni kwa kujikokota tu mpaka mpate spea.

Kuvutana kunaweza kuua mtu, kwa hiyo kamba ifungwe sehemu ya kuvutia iliyoshikwa na chesisi, kamwe isiwe kile kichwa cha mviringo cha kufungia tela, kikikatika kinaruka kwa kasi ya kupasua kioo na kichwa cha mtu nyuma ya kioo. Watu wote mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, hakuna anayeruka juu ya kamba iliyokaza, na anayetoa ishara awe mmoja.

Siku inayofuata

Gari imefika na inatembea, bado. Kaza nati za matairi upya, hasa tairi lililofunguliwa njiani. Pita chini uoshe tope kwenye breki na shafti. Na kama mlivuka maji ya kufunika ekseli fungua kifuniko cha difu uangalie oili, difu ya moto ikizama kwenye maji baridi inanyonya maji kupitia kipumulio chake kama kiko chini, au kupitia sili zake kama kipumulio kimeziba. Ikitoka rangi ya maziwa mwaga yote, weka mpya, tembea nayo kidogo, mwaga tena uweke nyingine, na kile kipumulio ukivutie mpira mpaka juu kwenye boneti.